Anemi SS: namna herufi moja ya jeni inavyofika hadi kwenye mifupa ya mtoto

Anemi SS, ambayo waganga wanaita drepanositozi, ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao. Hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kulala pamoja, hautokani na chakula, na hakuna jirani anayeweza kuutuma. Unatoka kwa wazazi wawili, baba na mama kwa pamoja, na mara nyingi wazazi hao wako wazima kabisa.

Hapa Goma bado kuna familia ambamo mtoto anaumwa mifupa, macho yanakuwa ya manjano, damu inaisha kila mara, na watu wa nyumba wanaanza kutafuta mlozi. Wengine wanasema ni karuho. Wengine wanamrudisha mama kwao, eti ukoo wake ndio una balaa. Wakati huo wote mtoto anachelewa kufika hospitali. Kwa kuelewa ugonjwa huu inabidi kuingia ndani ya seli na kuona jeni inafanya nini, protini inafanya nini, na mwili unapata nguvu kwa njia gani.

Maagizo yaliyoandikwa ndani ya seli

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona bila darubini. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini kuna ADN. ADN ni kama daftari refu sana lililoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Kipande cha daftari chenye agizo la kutengeneza protini fulani ndicho kinaitwa jeni. Mtu ana jeni karibu 20,000 za namna hiyo, na nyingi kati ya hizo anazo mara mbili: moja alipewa na baba, nyingine na mama.

Jeni yenyewe haifanyi kazi ya mikono. Inaagiza. Wafanyakazi ni protini. Kuna protini zinazobeba oksijeni, zinazokata sukari ili itoe nguvu, zinazokaza misuli, zinazopigana na mikrobi. Seli ikihitaji protini fulani, inanakili jeni yake kwenye karatasi ya muda inayoitwa ARN mjumbe. Nakala hiyo inatoka kwenye kiini na kufika kwenye kiwanda kidogo, ribosomu. Pale herufi zinasomwa tatu tatu, na kila herufi tatu zinaita asidi amino moja. Asidi amino ziko za aina 20. Zinaunganishwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi, kisha uzi unajikunja na kupata umbo lake. Umbo hilo ndilo linaamua protini itafanya kazi gani.

Shanga hizo zinatoka wapi? Sehemu kubwa ni kwenye chakula. Maharagi, sambaza za ziwa Kivu, maziwa ya Masisi na mayai yote yana protini. Tumbo linazikata mpaka zinabaki asidi amino, na seli inaziunga upya kwa kufuata daftari lake yenyewe. Ndiyo maana mtu anayekula maharagi hageuki kuwa haragi. Na ndiyo maana lishe nzuri, ambayo mgonjwa wa SS anaihitaji sana, haiwezi kuondoa ugonjwa. Chakula kinaleta vifaa vya kujengea. Maagizo yanabaki yale yale.

Mchukuzi wa oksijeni

Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini moja inayoitwa himoglobini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kwenye mapafu na kuiacha kwenye ubongo, moyo, misuli na viungo vingine. Imeundwa na nyuzi nne: mbili za alfa zenye asidi amino 141 kila moja, na mbili za beta zenye asidi amino 146. Ndani ya seli nyekundu moja kuna himoglobini karibu milioni 270.

Seli nyekundu ni ya pekee. Inapokomaa ndani ya uboho wa mifupa, inatupa kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini nyingi. Inatupa pia vile vijiko vya ndani ambavyo seli nyingine zinatumia kuchoma sukari kwa oksijeni. Inaishi kwa kuvunja sukari bila kugusa oksijeni iliyobeba, sawa na mwenye chukudu anayeshusha viazi kutoka Kibumba mpaka mjini bila kula hata kimoja. Lakini kwa kuwa haina tena kiini, haiwezi kutengeneza protini mpya wala kurekebisha iliyoharibika. Inazunguka na himoglobini ile iliyotoka nayo kwenye uboho, kwa siku karibu 120, kisha inavunjwa na nyingine inachukua nafasi.

Herufi moja tu

Agizo la uzi wa beta liko kwenye kromosomu namba 11. Kwa watu wengi, herufi zinazoita asidi amino ya sita zinasomeka GAG, na ribosomu inaweka asidi ya glutamiki. Kwa jeni ya ugonjwa huu zinasomeka GTG. T imekaa mahali pa A. Ribosomu inatii bila kuuliza, inaweka valini.

Asidi ya glutamiki inapenda maji na ina chaji ya umeme. Valini haina chaji, na inakimbia maji kama mafuta. Himoglobini ikiwa na oksijeni, tofauti hiyo haileti shida kubwa. Ikishaacha oksijeni, valini ya himoglobini moja inajibandika kwenye himoglobini ya pembeni, na hiyo kwenye nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu. Seli iliyokuwa laini na ya mviringo inavutwa na nyuzi hizo, inapinda kama mundu. Kutokana na umbo hilo, Waswahili wa Tanzania na Kenya wanauita ugonjwa huu selimundu.

Kugundua hatua hizi kulichukua miaka. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu seli zilizopinda alizoona kwenye damu ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa inatembea tofauti kwenye umeme, na wakaanza kusema juu ya ugonjwa wa molekuli. Kisha Vernon Ingram, kwenye mji wa Cambridge nchini Uingereza, akaonyesha mwaka 1956 na 1957 kwamba tofauti yote iko kwenye asidi amino moja. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuona wazi kwamba badiliko dogo la jeni linabadili protini, na protini iliyobadilika inamwangusha mtu mzima.

Kutoka kwenye seli hadi kwenye maumivu

Seli iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Zinakwama, zinafunga njia kama lori iliyoharibikia katikati ya barabara ya Sake, na sehemu iliyo nyuma ya kizuizi inakosa oksijeni. Kwa mtoto mdogo, mara nyingi dalili ya kwanza ni mikono na miguu kuvimba na kuuma. Kwa mkubwa ni maumivu makali ya mifupa, mgongo au kifua. Mshipa wa ubongo ukiziba, hata mtoto anaweza kupooza upande mmoja.

Tena seli hizo zinakufa mapema. Mahali pa siku 120, nyingi zinaishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho unafanya kazi usiku na mchana kuzibadilisha na bado haufikii, ndiyo maana damu inaisha. Kazi hiyo inakula nguvu na vifaa vingi, hasa asidi foliki ambayo seli inahitaji kwa kunakili ADN yake. Ndiyo sababu ya watoto wengi wa SS kukua polepole, kuwa wembamba na kuchoka haraka.

Na manjano ya macho? Himoglobini inapovunjwa, mwili unaokoa madini ya chuma na kuyatumia tena, na sehemu inayobaki inageuzwa kuwa bilirubini, takataka ya rangi ya manjano ambayo ini linaitoa kupitia nyongo. Seli zikivunjika nyingi kwa mara moja, ini linazidiwa na bilirubini inabaki kwenye damu. Macho yanaonyesha hesabu ya seli zilizokufa. Si alama ya sumu.

Watoto wa SS hawaonyeshi ugonjwa siku wanapozaliwa. Tumboni mwa mama, mtoto anatumia himoglobini nyingine, ya kichanga, inayotoka kwenye jeni tofauti ambayo haina kosa. Miezi ya kwanza hiyo bado iko mingi na inazuia nyuzi zisiungane. Inapopungua, kwenye miezi sita hivi, mateso yanaanza. Familia inaona mtoto aliyekuwa mnene amegeuka ghafla, na hapo ndipo maneno ya ulozi yanapata nafasi.

Kwa nini jeni hii haikuisha

Kama inaua watoto, kwa nini imebaki kwa vizazi na vizazi? Jibu moja lilitoka Afrika Mashariki. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba jeni hii ni ya kawaida kwa watu wa pwani na wa kando ya ziwa Victoria, lakini ni adimu kwa watu wa milima mikavu. Mahali ilipojaa ndipo malaria ilikuwa imejaa. Mwaka 1954 alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja tu ya S anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Watoto hao walibaki hai na wakazaa. Jeni ikaendelea nao.

Hali ya Kongo inafuata njia hiyo. Uchunguzi uliofanyika Kinshasa kwa watoto wachanga 31,204, ukachapishwa mwaka 2009, ulikuta asilimia 16.9 wana jeni moja ya S na asilimia 1.4 wana mbili, yaani ni wagonjwa. Kivu ya Kaskazini ina milima baridi na ina pia misitu ya joto kama Walikale na Beni. Tena Goma ni mji wa watu waliotoka pande zote, wengi wakiwa wamekimbia vita. Kwa hiyo hakuna mtaa wala kabila linaloweza kusema jambo hili haliwahusu.

Kuna kosa moja la kuepuka hapa. Kinga ya malaria ni ya mwenye jeni moja. Mgonjwa wa SS mwenyewe akipata malaria, inaweza kumuua haraka kuliko mtoto mwingine. Chandarua kwake si jambo la hiari.

AA, AS na SS

Kwa kuwa kila mtu ana jeni mbili za beta, hali ni tatu. AA hana jeni ya S. AS anayo moja, na kwa kawaida anaishi vizuri bila kujua. SS anazo mbili, na huyo ndiye mgonjwa.

AS akioa AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. AS akioa AS, kila mimba ina bahati moja kati ya nne ya kuzaa SS, mbili kati ya nne ya kuzaa AS, na moja kati ya nne ya kuzaa AA. Hesabu hiyo inaanza upya kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja wa SS hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima, na kuna nyumba ambamo wawili au watatu wamefuatana.

Kwa hiyo hakuna mtoto wa SS ambaye jeni zote mbili zilitoka kwa mama. Mwanaume anayemrudisha mke wake kwao kwa sababu hii anamlaumu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alitoa nusu yake.

Watu wengi wanachanganya pia AA na kundi la damu. Mtu anaangalia karatasi yake, anakuta ameandikiwa A+, anasema yeye ni AA. Hapana. Makundi A, B, AB na O ni jambo lingine, na mtu wa kundi lolote anaweza kuwa AS au SS.

Kipimo kinachosema ukweli wote

Kwenye labo nyingi za Kongo kuna kipimo cha Emmel. Wanaweka tone la damu kwenye kioo, wanazuia hewa, kisha wanaangalia kama seli zinapinda. Ni rahisi na hakihitaji mashine kubwa. Lakini kina mpaka: kinasema tu kwamba S iko, hakitofautishi AS na SS. Wachumba wawili waliopata jibu la Emmel hawajamaliza safari.

Jibu kamili linatoka kwa elektroforezi, inayotenganisha himoglobini kwa umeme kwa kutumia jambo lile lile ambalo Pauling aliliona. Siku hizi kuna pia vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyotofautisha AA, AS na SS kwa dakika chache, hata kwa mtoto mchanga. Kama mtoto ametiwa damu karibuni, inafaa kumwambia mtu wa labo, kwa kuwa damu ya aliyetoa inaweza kuficha jibu la kweli.

Wakati mzuri wa kupima ni mbele ya ndoa, na kwa mtoto ni mara tu anapozaliwa. Kipimo hakikatazi watu kupendana. Kinawapa nafasi ya kuamua wakijua, na kama watazaa, mtoto apimwe mapema na afuatwe mapema.

Dawa zilizopo

Hakuna majani wala maombi yaliyothibitishwa kubadili herufi ya jeni. Lakini mtoto wa SS anayefuatwa vizuri anaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa na familia. Msingi ni mambo ya kawaida: asidi foliki, maji ya kutosha, chandarua, chanjo zote pamoja na ile ya pneumokoki, na penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo mpaka miaka mitano, kwa kuwa bandama lao linaharibika mapema na mikrobi inawashinda. Madini ya chuma yasitolewe ovyo ovyo. Mtoto aliyetiwa damu mara nyingi anaweza kuwa nayo nyingi kupita kiasi, hata kama damu yake ni kidogo.

Dawa iliyobadilisha mambo zaidi ni hidroksiyurea. Inasukuma uboho kutengeneza tena ile himoglobini ya kichanga ambayo jeni yake ilikuwa imelala. Profesa Léon Tshilolo wa Kinshasa ndiye mwandishi wa kwanza wa ripoti ya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda. Watoto 606 walipewa dawa hiyo. Mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka karibu 98 hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Malaria ilishuka kutoka karibu 47 hadi 23, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Dawa hii inahitaji muganga anayepima damu ya mgonjwa mara kwa mara. Kuinunua kwenye farmasi na kujipimia mwenyewe ni hatari, na mama mwenye mimba asiitumie bila shauri la muganga.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayohariri ADN ya mgonjwa mwenyewe ili himoglobini ya kichanga irudi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mzazi wa Majengo au Ndosho, tiba hiyo bado iko mbali sana. Kipimo, asidi foliki na chandarua viko karibu zaidi.

Kuishi na SS katika mji wa Goma

Goma iko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari. Oksijeni ni kidogo kuliko Kinshasa, na usiku kuna baridi. Baridi inabana mishipa, upungufu wa maji unafanya himoglobini zisongamane ndani ya seli, na vyote viwili vinaita maumivu. Mtoto wa SS avalishwe nguo za joto, hasa familia ikiwa inalala kwenye hema, na asioge maji baridi ya ziwa asubuhi. Anywe maji mara nyingi, hata kama maji hayo yametafutwa kwa bido kutoka mbali. Mwalimu amruhusu kunywa na kwenda msalani bila kumgombeza, na asimlazimishe kukimbia mpaka achoke. Kupanda Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, si mchezo wa mgonjwa wa SS. Hata AS anayepanda anywe maji na asijilazimishe.

Mara vita inapofunga barabara, mfuko wa damu na dawa vinaweza kukosekana. Familia yenye mtoto wa SS inafaa ijue mapema kundi lake la damu, ni ndugu gani wanaweza kutoa damu, na ni kituo kipi kilicho karibu. Nakala ya karatasi ya elektroforezi iwekwe pamoja na vitu vya kwanza vya kukimbia navyo.

Mtoto wa SS apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akipata homa ya digrii 38.5 au zaidi, akipumua kwa shida au kuumwa kifua, akiwa mweupe ghafla kwenye midomo na viganja, tumbo likivimba upande wa kushoto, akishindwa kusema au kuinua mkono au mguu, au kama maumivu hayapungui na dawa aliyozoea. Akifika, mzazi aseme neno moja mbele ya mengine yote: huyu ni SS.